Ngalawa na baiskeli nazo zipewe refa

Najua macho yako yako Morocco. Taifa Stars imepangwa na Nigeria, Tunisia na Uganda, vijiweni watu wanabishania namba tisa kuliko wanavyobishania bei ya unga, na mwandishi wa mpira anayeleta habari za bahari na baiskeli wiki kama hii anajitafutia kuzomewa. Sawa, nizomee. Ila upepo hausubiri ratiba ya CAF. Kaskazi ndiyo hiyo imeanza, Januari itakuwa imekolea na Zanzibar itakuwa kwenye shamrashamra za Mapinduzi. Ninachotaka kusema kina faida kikisemwa sasa, siyo Aprili masika yakishaingia na kusi imeanza kupiga.

Nasema hivi: tuna michezo miwili ambayo watu wetu wanaicheza kila siku bila jezi, bila refa na bila hata kombe la plastiki. Kuendesha chombo kwa tanga, na kuendesha baiskeli. Tunaiita kazi, au tunaiita umaskini, halafu kila baada ya miaka minne tunakaa mbele ya televisheni tukijiuliza kwa nini Olimpiki tunarudi mikono mitupu. Medali zetu za Olimpiki ni mbili, zote za fedha, zote za Moscow 1980, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui. Miaka 45 imepita. Kuna watu wamezaliwa, wamecheza mpira, wamestaafu na wamekuwa makocha, na idadi ni ileile.

Nianzie Pemba. Januari 2025 Kombe la Mapinduzi lilihamia Gombani, Chake Chake, likachezwa na timu za taifa badala ya klabu. Mnakumbuka Zanzibar Heroes walivyoifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali ya Januari 13, kisiwa kikakesha. Sisi wa Bara fainali hatukuigusa, tuliache hilo. Kati ya mechi na mechi zilikuwapo siku za mapumziko, na mimi na mpiga picha mmoja tulikuwa tumeazima baiskeli mbili za Phoenix, zile za chuma, nzito kama beki wa kati wa zamani. Tulitaka kwenda Makangale, kule juu kabisa kwenye msitu wa Ngezi. Wenyeji wakatuambia gari la nini, nendeni kwa maji kutoka Wete, mrudi kwa baiskeli zenu.

Mimi ni wa Kilakala, Morogoro. Mtaa uko miguuni mwa Uluguru, wingu likishuka asubuhi huoni paa la jirani. Bahari kwetu tunaisikia tu. Hata maji yetu yanaijua kuliko sisi: vijito vyetu vinaingia Ngerengere, Ngerengere inaingia Ruvu, na Ruvu inamwaga baharini karibu na Bagamoyo. Sisi tunabaki juu tunaangalia mpira. Kwa hiyo nilipoona mashua yenyewe, mbao tupu, mlingoti mmoja, tanga moja lenye viraka, nahodha mzee na kijana wake, nilitaka kuuliza ratiba ya daladala. Baiskeli zikafungwa kwenye mlingoti kwa kamba ya usumba na tukatoka.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mpira unapoingia. Wakati wa kaskazi, maji ya upande wa magharibi wa Pemba yanakuwa matulivu kwa sababu kisiwa chenyewe kinakinga mawimbi. Lakini upepo unatoka kaskazini mashariki, na sisi tulikuwa tunakwenda kaskazini. Chombo cha tanga hakiwezi kuuendea upepo uso kwa uso, kitasimama. Kwa hiyo nahodha anabisha. Anakwenda mshazari upande mmoja, anageuza, anakwenda mshazari upande wa pili, na kila akigeuza anakuwa amechuma hatua chache mbele. Na tanga letu la pembetatu haligeuzwi kwa kuvuta kamba moja. Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, lazima uhamishwe upande wa pili wa mlingoti. Kijana anakimbilia omoni ameshika pembe ya tanga, mzee yuko tezini na usukani, hakuna anayesema neno, na kuna nafasi kama ya sekunde mbili ambayo kila mtu lazima awe mahali pake. Wakichelewa, upepo unalishika tanga kwa nyuma na chombo kinaganda.

Timu ikizibwa katikati inapanua uwanja. Inapeleka kulia, inarudisha, inapeleka kushoto, mpaka mwanya utokee. Makocha wanalipwa mamilioni kufundisha hilo. Yule mzee alilifanya karibu asubuhi nzima, akikwepa miamba ambayo mimi sikuiona, anasoma rangi ya maji tu. Tukapita kisiwa cha Fundo, tukapita Njao. Mpiga picha alipiga picha nyingi kuliko alizopiga Gombani. Mimi nilikabidhiwa kopo la kutolea maji, ndiyo ilikuwa namba yangu siku hiyo, na nilicheza dakika zote 90 na za nyongeza.

Nikamuuliza mzee kama amewahi kushindana. Akasema ujanani alikuwa akiingia resi za ngalawa za sikukuu na alishinda mara mbili. Nikamuuliza mwaka gani, muda gani, nani walikuwa wa pili. Akacheka. Hajui mwaka na saa hakuna aliyeishika. Waliokuwapo wanakumbuka, na baadhi yao wameshakufa.

Hilo ndilo lililonikaa kichwani kuliko fainali. Mfungaji wa bao la pili la mechi ya daraja la tatu mwaka 1994 unaweza kumpata ukifukua magazeti. Bingwa wa ngalawa wa Pemba humpati, hayupo popote.

Tulishukia ufukweni karibu na msitu, tukaaga, tukapanda baiskeli. Ngezi ni kivuli na ubaridi, miti mirefu ajabu, unadhani uko juu ya Uluguru siyo usawa wa bahari. Ukitoka hapo unaingia Konde, halafu ndipo unagundua kwamba Pemba siyo Unguja. Unguja sehemu kubwa ni tambarare. Pemba ni kilima, bonde, kilima, bonde, mikarafuu pande zote, na barabara inapanda hadi mapaja yanawaka. Kwenye mlima mmoja kabla ya Wete tulipitwa na kijana wa kama miaka 15, ndala miguuni, mdogo wake kamkalisha kwenye keria na mzigo wa majani ya ng'ombe umefungwa mbele kwenye usukani. Akatusalimia, shikamooni, huku anapanda. Hakuhema hata kidogo. Sisi wakati huo tulikuwa tunasukuma.

Nilimfahamu papo hapo, ingawa sijawahi kumwona. Ni yuleyule wa Kilakala.

Anayekaa Morogoro anajua ninachosema. Alfajiri akina mama wa Kiluguru wanashusha ndizi kichwani kutoka vijiji vya juu, njia za kuteleza, mlima umesimama. Wakifika barabarani, Kilakala au Bigwa, mikungu inapakiwa kwenye keria za vijana na inakwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu. Baiskeli haina gia. Breki mara nyingi ni soli ya kandambili ikikandamizwa kwenye tairi. Anashuka na mzigo mzito kuliko yeye, anapishana na bodaboda na malori, anashusha, anarudi juu kuchukua mwingine. Anafanya hivyo mara nne, mara tano kwa siku, siku sita kwa wiki. Huko Ulaya mazoezi ya aina hii yana daktari, mtaalamu wa lishe na kifaa cha kupima mapigo ya moyo.

Na huyu kijana tunamwambia nini? Tunamwambia nenda Jamhuri ukajaribu. Morogoro kwa mpira tuna historia, sikatai. Mseto ilibeba ubingwa wa nchi mwaka 1975, Mtibwa Sugar ya Turiani ikaubeba 1999 na ikarudia 2000. Lakini kwa mtoto mwenye mapafu ya kupanda Uluguru na miguu isiyojua kupiga chenga, Jamhuri ina mlango mmoja tu. Kocha wa kwanza anamkataa, wa pili anamkataa, ana miaka 17 na michezo kwake imekwisha. Anabaki shabiki. Ananunua jezi ya Yanga au ya Simba kwa pesa za ndizi na anakuja kutukana kwenye simu usiku kama nyie wengine.

Kuna watakaosema baiskeli siyo mchezo wa Waafrika. Ndugu zangu, mtu anayesema hivyo mwaka 2025 alikuwa amelala. Septemba, Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, mara ya kwanza Afrika. Wanaume waliendesha zaidi ya kilomita 260 kwenye vilima, wakapandishwa mtaa wa mawe wa Kimihurura mara baada ya mara, na wengi wa walioanza hawakumaliza. Tadej Pogačar akashinda. Mwaka mmoja kabla, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na akarudi na jezi ya kijani. Na Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na aliyemweka kwenye njia ya baiskeli akiwa kijana ni David Kinjah, Mkenya wa pale Kikuyu. Rwanda ina vilima. Eritrea ina vilima. Sisi Uluguru ina vilele vinavyopita mita 2,600, na tunaitumia kupigia picha za harusi.

Tanga nalo hivyohivyo. Msumbiji, jirani zetu wa kusini, wenye ngalawa na madau kama yetu, walipeleka wanawake kushindana kwa vyombo vya tanga kwenye Olimpiki ya Tokyo, na Deizy Nhaquile akaenda tena Paris 2024. Shelisheli nao wameshapeleka mabaharia wao zaidi ya mara moja. Kinachouma zaidi ni kwamba wageni wameshaiona thamani tuliyoikalia. Kuna mashindano, zamani yakiitwa Ngalawa Cup na baadaye Kraken Cup, ambayo watu wanatoka nchi za mbali, wanalipa kwa pesa zao, wanapewa ngalawa zetu na kushindana siku kadhaa kwenye visiwa vya pwani yetu. Wengi wanajifunza kushika tanga wiki hiyohiyo. Mimi sina kinyongo nao, wanalipa na wanafurahi. Ninachouliza ni kwa nini mtu anayejifunza leo ana mashindano na anayejua tangu utotoni hana.

Kuna hoja moja nzito na siwezi kuiruka. Bahari inaua. Watu wa Pemba hawahitaji mwandishi wa kutoka milimani kuwafundisha hilo, Septemba 2011 MV Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikiwa njiani kwenda kwao, na karibu kila mtaa una msiba wake. Atakayesema tusiwahimize vijana kwenda kushindana baharini namwelewa. Lakini vijana wako baharini tayari. Walikuwepo leo alfajiri. Kwenye mashua yetu hapakuwa na jaketi okozi hata moja, na kijana wa yule mzee alinikiri kwamba kuogelea anajua kidogo tu. Hakuna anayemkagua. Mashindano yenye kanuni ndiyo pekee yanayoweza kumwambia: huna jaketi, huanzi, hujaogelea mita 100 mbele ya msimamizi, huanzi. Mpira ulifanya hivyo kwa vikinga ugoko. Hakuna mchezaji aliyevivaa kwa kupenda, wamevivaa kwa sababu refa atakutoa.

Na hoja ya pesa, jamani. Nimeona pesa zinazotumika kwenye sherehe ya kutambulisha jezi moja. Resi ya ngalawa haihitaji uwanja, bahari ipo. Baiskeli zipo. Inahitajika boti moja ya uokoaji, majaketi, saa, filimbi, turubai la wazee kukaa na mtu mwenye daftari la kuandika matokeo. Kampuni za kubashiri zinazojaza vifua vya timu zetu zinaweza kulipa hayo bila kuhisi. Wakitaka hata watu wabashiri, shauri yao.

Napendekeza hivi, na nawaelekezea Baraza la Michezo la Taifa na wenzao wa Zanzibar. Kila Januari, wiki ya Mapinduzi, iwepo resi moja Pemba inayounganisha vyote viwili. Timu ni ya watu watano, watatu chomboni, wawili barabarani. Ngalawa zinatoka Wete, zinazunguka Fundo, zinarudi. Chombo kikigusa ufukwe nahodha anaruka, anamkabidhi mwendesha baiskeli kitambaa, yule anaondoka kwenda Konde, anampa mwenzake kitambaa, mwenzake anarudi Wete. Baiskeli ziwe za kawaida, bila gia, ili asije mtu na mashine ya Ulaya akaharibu utamu. Kila shehia ilete timu. Nawaambia watu watajaa kuliko Gombani siku ya fainali, na Wapemba, ambao bado wanacheza ng'ombe mpaka leo, hawahitaji kufundishwa kushangilia.

Morogoro nasi tupewe yetu. Hatuna bahari, tuna mzigo. Resi ya keria, kutoka sokoni mpaka Bigwa na kushukia Kilakala, kila mtu na ndizi za uzito uleule zilizopimwa kwenye mizani mbele ya watu. Mshindi wa kwanza mpaka wa tano watafutiwe baiskeli za mashindano na kocha wa kweli kwa mwaka mzima, siyo bahasha na kupiga picha na mgeni rasmi. Chama cha baiskeli kipo, na makambi ya Rwanda hayako mbali. Wasichana wawe na mbio zao na zawadi ileile. Kilakala pana sekondari ya wasichana inayojulikana nchi nzima kwa kufaulu mitihani, na sijaona bado sababu ya kufaulu mitihani tu.

Na matokeo yaandikwe. Jina, shehia au mtaa, muda kwa dakika na sekunde. Ukurasa huu una nafasi. Tunaandika kocha gani kakanyaga nyasi kwa mguu gani, tutakosaje mistari sita ya bingwa wa ngalawa? Mwaka unaofuata kijana atakuwa na muda wa kuuvunja, na mzee kama yule wa Wete akiulizwa alishinda lini atakuwa na jibu.

Mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu, sisi, Kenya na Uganda. Mashabiki watakaokuja watakaa wiki tatu, nne, na mechi si za kila siku. Wataulizia cha kufanya. Tunaweza kuwapeleka kuangalia tembo, vizuri. Tunaweza pia kuwa na resi ambayo wakati huo itakuwa imeshafanyika mara mbili, yenye mabingwa wanaojulikana kwa majina na ushindani wa kweli kati ya Wete na Micheweni. Ila hiyo ya wageni ni nyongeza tu. Hata asipokuja mgeni mmoja, yule kijana wa majani ya ng'ombe bado anastahili mstari wa kuanzia.

Ombi langu moja kwa atakayepanga ratiba. Tafadhali asiipange kwa saa ya televisheni. Amuulize nahodha yeyote siku za bamvua na saa ya maji kujaa, ndipo aandike muda wa filimbi. Pwani ile maji yakipwa yanakwenda mbali kweli, na ngalawa za fainali zitamalizia kwenye matope huku kamera zimeelekezwa baharini.